Nidhamu ya Mlimani: Adabu kwa Nani?

Leo nataka tufungue kijitabu ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu hukabidhiwa anapoanza masomo, naye akakitupia chini ya sanduku asikitazame tena mpaka siku ameitwa mbele ya kamati. Nazungumzia kanuni za nidhamu.

Katika kanuni za namna hii mengi ni ya kawaida, wala hayana mgogoro. Usiibe mtihani. Usipigane. Usivunje samani za bweni. Usimnyang'anye mwenzako mali yake. Mzazi yeyote angeyasema hayo hayo. Lakini katikati ya hayo hukaa vifungu vingine vyenye maneno mapana kama turubai: kuleta fujo, kuvunja heshima ya uongozi, kuharibu sifa ya chuo. Turubai la namna hiyo linaweza kumfunika yeyote, inategemea nani ameshika ncha zake.

Swali langu juma hili ni moja tu. Chuo kinapodai adabu, kinamdai nani, na kwa ajili ya nani? Ili kulijibu nitapita katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na katika kila tukio nitauliza mambo mawili: aliyeudhiwa alikuwa nani, na aliyeadhibiwa alisikilizwa?

Huenda msikilizaji wa Kariakoo au Manzese akaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na nauli na unga? Yanatuhusu. Chuo kile kilijengwa na kinaendeshwa kwa kodi zetu, na watoto wetu ndio wanaopanda mlima ule. Zaidi ya hayo, wanaofundwa kule ndio wanaoshuka kuja kuwa mahakimu, waganga, walimu na mawaziri wetu. Wakifundishwa kunyamaza wakiwa na miaka ishirini, hawatajua kusema watakapofika hamsini.

Chuo kilianza mwezi Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika hata ishirini, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Miaka miwili tu baadaye kikakutana na mtihani wake mkubwa wa kwanza.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wanaohitimu masomo ya juu lazima watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Miezi ya mwanzo wangekaa kambini, na muda uliobaki wangefanya kazi zao huku wakipokea sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, na miongoni mwa mabango yao yalikuwamo yaliyosema kwamba afadhali ukoloni.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza wakisoma madai yao, kisha akawajibu kwa hasira ambayo wengi waliokuwapo hawakuisahau. Siku ile ile wanafunzi 393, wengi wao wa chuo kikuu na wengine wa vyuo vingine vya mjini, walifukuzwa na kurudishwa makwao chini ya ulinzi wa polisi. Mwalimu hakuishia hapo. Alisema mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa mno katika nchi ya maskini, na akaupunguza wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Sasa tuseme kweli, ndugu msikilizaji. Madai ya vijana wale yalikuwa dhaifu. Mkulima wa pamba au wa katani aliyewasomesha hakuwa na mshahara wowote wa kukatwa. Bango la kusifu ukoloni, miaka mitano baada ya Uhuru, lilikuwa tusi kwa wazee waliopigania nchi hii. Mimi siwatetei kwa walichokidai. Ninachokitazama ni namna walivyohukumiwa. Aliyeudhiwa, aliyeshitaki, aliyehukumu na aliyetoa adhabu alikuwa mmoja, na yote yalikwisha katika muda wa siku moja. Hakukuwa na kamati iliyotenganisha aliyetunga bango na aliyefuata kundi. Wengi walirudishwa baadaye, baada ya kupoteza mwaka. Lakini desturi ilikuwa imekwisha kuzaliwa: mwanafunzi akimwudhi mkubwa, funga virago vyake kwanza, maswali baadaye.

Tarehe 1 Julai 1970 chuo kilijitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo. Rais wa nchi alikuwa ndiye Mkuu wa Chuo. Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Ndugu Pius Msekwa, ambaye alitoka moja kwa moja katika ukatibu mtendaji wa TANU. Kwa hiyo chama, dola na chuo vilikutana katika ofisi moja. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kusema kwamba Mlimani ya siku zile ilikuwa gereza. La hasha. Ilikuwa moja ya sehemu zenye mijadala mikali kuliko nyingi katika Afrika. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha historia pale, na akiwa pale akaandika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wanafunzi kutoka Uganda, Kenya, Malawi, Ethiopia na Sudan walibishana usiku kucha na wenyeji wao. Hata hivyo mipaka ilikuwapo. Desemba 1969, Rodney alipotoa hotuba iliyowagusa watawala wa Afrika huru, gazeti la chama la The Nationalist lilimkaripia hadharani katika maoni ya mhariri. Ujumbe ulieleweka: bishaneni mtakavyo juu ya ubeberu wa wazungu, lakini mkifika nyumbani punguzeni sauti.

Kuna vijana ambao hawakupunguza. Mwaka 1967 baadhi ya wanafunzi walikuwa wameanzisha umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika, uliojulikana zaidi kwa kifupi chake cha USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Mwishoni mwa mwaka 1969, USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni, wakaanza kutoa jarida lililoitwa Cheche. Lilichapwa kwa stensili, tena kwa kujitolea. Wahariri wake walijulikana kwa majina: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji iliyodai kwamba ndani ya Tanzania ya Ujamaa kulikuwa na mapambano ya kitabaka ya kimya kimya, na kwamba wakubwa wa serikali na mashirika walikuwa wanageuka kuwa tabaka la watawala.

Novemba 1970 USARF ilipigwa marufuku, na Cheche likafungwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina lenyewe la Cheche lilikuwa la kuazima kutoka Urusi. Vijana wakajibu kwa akili. Mapema mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana lilitoa jarida jipya, nalo likaitwa MajiMaji. Nani angethubutu kusema kwamba Maji Maji ni jina la Kirusi?

Tazama jambo hili vizuri, kwa sababu nitalirudia. Cheche lilikuwa jarida lenye majina ya wahariri na hoja zilizoandikwa kwa takwimu na marejeo. Aliyechukizwa aliweza kumwita Shivji mbele ya ukumbi mzima akambishia. Halikumtukana mtu mama yake. Halikumsema msichana yeyote wa bweni. Liliudhi wenye vyeo, nalo likadumu mwaka mmoja tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, Chuo hicho hicho kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, aliyepewa kukikalia kwa mara ya kwanza alikuwa Profesa Issa Shivji. Maneno yaliyoonekana sumu mwaka 1970 yalikuja kuwa sehemu ya heshima ya chuo.

Twende mwaka 1971. Mwezi Februari TANU ilitoa Mwongozo, ambao pamoja na mengine uliwakataza viongozi kuwa na majivuno na kuwanyanyasa walio chini yao. Wafanyakazi viwandani wakauchukua wakawasomea mameneja wao. Wanafunzi nao wakauchukua. Julai mwaka huo rais wa umoja wa wanafunzi, DUSO, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akilalamikia uendeshaji wa kiurasimu usiowashirikisha wanafunzi. Jibu la barua lilikuwa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Akivaga alikamatwa palepale chuoni kwa mtutu wa bunduki, akapandishwa ndege, akarudishwa Nairobi.

Safari hii mambo hayakwenda kama mwaka 1966. Wanafunzi waligoma kuingia darasani, na wahadhiri nao wakakutana na kuonyesha wazi kwamba hawakuridhishwa na kitendo kile. Kamati ikaundwa kuchunguza. Baadaye Akivaga aliruhusiwa kurudi kumaliza masomo yake, na wanafunzi wakapata nafasi zaidi katika vikao vya chuo. Somo la mwaka 1971 ni dogo lakini zito: mahali ambapo watu walisikilizwa, japo kwa kuchelewa, chuo kilitulia.

Somo hilo halikukaa. Mwaka 1978 viongozi, yaani mawaziri na wabunge, waliongezewa mishahara na marupurupu wakati ambapo maisha ya mwananchi yalikuwa yanazidi kuwa magumu. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine vya mjini waliandamana kupinga. Walikutana na polisi, virungu na mabomu ya machozi. Wanafunzi wapatao 350 walifukuzwa. Wengi walirudishwa baadaye, lakini DUSO ilifutwa, na mahali pake ikawekwa MUWATA, chini ya jumuiya ya vijana ya chama.

Sasa weka mwaka 1966 na 1978 katika mizani moja. Mwaka 1966 wanafunzi walidai maslahi yao wenyewe, wakaambiwa wana ubinafsi, wakafukuzwa. Mwaka 1978 walikataa maslahi ya wakubwa kwa kutumia maneno yale yale ya Azimio la Arusha waliyofundishwa shuleni, nao wakafukuzwa. Kama kosa la 1966 lilikuwa uchoyo, basi mwaka 1978 walistahili kupewa mkono. Adhabu haikubadilika ingawa hoja iligeuka juu chini. Hapo ndipo tunapoona kwamba kilichokuwa kinaadhibiwa hakikuwa hoja. Kilikuwa kitendo cha mdogo kumsema mkubwa.

Mpaka hapa, msikilizaji, pengine unaona nimekwisha kuchagua upande: wanafunzi ni malaika na dola ni shetani. Subiri kidogo, maana kuna kitu kingine kilichoishi Mlimani, nacho hakikutoka Ikulu wala Lumumba. Kiliitwa Mzee Punch.

Mzee Punch hakuwa mtu. Yalikuwa makaratasi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku, bila jina la mwandishi. Wenyewe walikiita mzaha. Lakini mzaha ule uliwaandama zaidi wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mtu, au aliyeonekana kujidai, aliamka asubuhi akajikuta amechorwa ukutani kwa namna ya kudhalilisha, na maisha yake ya siri, ya kweli na ya kuzushiwa, yakisomwa na kila apitaye kwenda kula. Adhabu haikuishia ukutani. Aliyechorwa alitengwa, kwani aliyeonekana akizungumza naye aliogopa kuchorwa yeye kesho.

Punch haikuishi mwaka mmoja kama Cheche. Iliishi miaka. Kila mtu aliijua: wanafunzi, wahadhiri, wafanyakazi wa mabweni. Kanuni za nidhamu zilikuwapo muda wote huo, zikiwa na vifungu vyao vya heshima na sifa ya chuo. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa akiandamwa na watu wa Punch alijiua. Ndipo nchi ikashtuka. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilipaza sauti pamoja na wengine, uongozi wa chuo ukalaumiwa kwa kutochukua hatua mapema, na Punch ikapigwa marufuku.

Nasema hivi kwa uzito wote nilio nao. Jarida lenye majina lililokosoa wenye vyeo lilifungwa ndani ya mwaka. Ukuta usio na jina uliowatesa wasichana ulivumiliwa mpaka mtu akafa. Kanuni ni zile zile na mlima ni ule ule. Tofauti ilikuwa ni cheo cha aliyeumizwa. Barua ya Akivaga haikumnyima mtu usingizi bwenini, lakini bunduki zilikuja. Michoro ya Punch ilimfikisha binti wa watu kaburini, na kabla ya hapo hakuna aliyeona haraka ya kufika.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba uhuru wa chuo maana yake ni kuziondoa kanuni zote, nawaambia hapana. Mlimani haikukosa nidhamu wala kanuni. Ilikosa kanuni zinazomlinda mnyonge kabla ya kumlinda mkubwa. Na wale vijana waliolia juu ya uhuru wao wa kusema mchana, kisha usiku wakabandika karatasi za kumvunja dada yao, walikuwa wanadai kwa dola kile ambacho wenyewe walikataa kumpa mwenzao wa bweni la pili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mwaka huo huo wa 1990 ulibeba mengine mawili. Mwezi Aprili, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini, UDASA ya Mlimani ikiwa miongoni mwao, zilikutana na kupitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Nakuomba uangalie jina hilo hadi mwisho wake. Hawakuandika uhuru peke yake. Waliandika na wajibu, kwamba msomi anayelindwa na jamii anadaiwa na jamii hiyo. Novemba mwaka huo wasomi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao lenye moyo huo huo.

Lakini wino wa Aprili haujakauka, mwezi Mei Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungwa na Serikali kufuatia mgomo, na wanafunzi wakakaa makwao mpaka mwaka uliofuata. Wote walirudishwa nyumbani, aliyegoma na asiyegoma, aliyetukana na aliyekuwa maktaba. Hayo yalitokea wakati Katiba yetu ilikuwa tayari ina haki za binadamu ndani yake, zilizoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na uhuru wa maoni ukiwa mmojawapo.

Na jirani? Desemba 1990, mwezi mmoja tu baada ya azimio la Kampala, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili wa Makerere katika mji ule ule. Rais wa Uganda wakati huo alikuwa Yoweri Museveni, yule yule mwenyekiti wa USARF wa Mlimani. Simtaji kumsuta. Namtaja kwa sababu kisa chake kinatuonyesha kwamba kukandamizwa ujanani hakumfanyi mtu kuwa mtetezi wa uhuru akishika hatamu. Kwa hiyo tusitegemee wema wa mtu. Tutegemee utaratibu.

Tangu hapo mambo kadhaa yamebadilika, na ni vizuri kuyasema. Umoja wa wanafunzi ulirudi ukiitwa DARUSO. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi. Tangu miaka hiyo ya 1990 Rais aliye madarakani si tena Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlango uliounganisha ofisi ya dola na ofisi ya chuo, basi, si wazi kama ulivyokuwa mwaka 1970.

Hata hivyo, desturi ya kuadhibu kwanza haijafa. Machi 2018 kiongozi wa mtandao wa wanafunzi, Abdul Nondo, aliyekuwa akisoma Mlimani, alisimamishwa masomo kwa kuwa alikuwa na kesi mahakamani. Alishitakiwa kwa kutoa taarifa za uongo juu ya kutekwa kwake. Novemba mwaka huo huo Mahakama ya Hakimu Mkazi Iringa ilimwachia huru. Sheria ya nchi ilimhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kanuni ya chuo haikungoja. Mimi nauliza, aliyeachiwa na mahakama, miezi yake ya masomo nani anamrudishia?

Ninajua hoja za upande wa pili, na baadhi yake zina nguvu. Wapo wanaosema kwamba wananchi maskini hawawezi kugharimia migomo, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli kwamba mgomo mmoja unaweza kula mwaka mzima wa kodi. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Chuo kilipofungwa mwaka 1990, maelfu ya siku za masomo zilipotea kwa amri ya Serikali. Mwaka 1966 walipofukuzwa karibu mia nne, taifa changa lenye wasomi wa kuhesabika lilijinyima wahitimu wake lenyewe. Na fedha za wananchi hazikutolewa ili kununua ukimya. Mwananchi anayemsomesha daktari anataka aambiwe ukweli kuhusu ugonjwa wake.

Wengine husema kwamba vijana hutukana badala ya kujenga hoja. Hilo nalo ni kweli, tena mara nyingi. Lakini dawa ya tusi ni kumwita aliyelitoa, akasikilizwa, akaadhibiwa yeye kwa tusi lake. Si kulifunga jarida zima wala kuwarudisha maelfu makwao. Na tukumbuke jambo moja: watu wanapozibwa midomo mchana, ukuta wa usiku ndio unaoanza kusema. Sisemi kwamba kufungwa kwa Cheche kulizaa Punch. Nasema kwamba chuo kinachomwogopa mwandishi mwenye jina hujikuta kimebakia na mwandishi asiye na jina, na huyo ni mbaya zaidi kwa kila mtu.

Basi, tufanyeje? Mimi napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji fedha.

La kwanza, mtu asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa. Aelezwe kosa lake kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, na adhabu imguse yeye, si bweni lake wala darasa lake lote.

La pili, aliyeudhiwa asiwe hakimu. Kama barua imemlenga Makamu Mkuu wa Chuo, basi asikae yeye wala walio chini yake kuiamua. Mwaka 1971 jambo hilo lingemwepushia kila mtu aibu.

La tatu, na ndilo kubwa, kanuni zitenganishe kuudhi na kuumiza. Kumkosoa kiongozi, hata kwa ukali, hata kwa makosa, ni kuudhi. Kiongozi ana ofisi, ana mshahara, ana nafasi ya kujibu. Kumwandama mwanafunzi mwenzako mpaka ashindwe kula na kulala, iwe ukutani kama zamani au katika simu kama siku hizi, ni kuumiza. La kwanza lijibiwe kwa hoja. La pili lijibiwe kwa adhabu, tena mapema, kabla binti mwingine hajazikwa.

Ndugu msikilizaji, ukiwa na mtoto chuoni, juma hili mwombe akusomee kanuni zake za nidhamu. Usimuulize tu kama anazifuata. Muulize pia kama zinamlinda, na kama akiletewa mashtaka kesho kuna mahali atapewa nafasi ya kujieleza. Na ukiwa mmoja wa wale wanaozitunga, chukua kalamu, na mbele ya kila kifungu chenye neno heshima andika swali fupi pembeni: heshima ya nani? Utakapofika mwisho wa kijitabu, hesabu majibu yako. Kama mkubwa anatokea kila ukurasa na msichana wa mwaka wa kwanza hatokei hata mara moja, utakuwa umejua kazi inaanzia wapi.